Pawa saplai ya kompyuta ya kujiundia nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia orodha ya vipande anavyotaka kununua ili aunde kompyuta yake mwenyewe. Prosesa imeandikwa kwa jina kamili, kadi ya grafiki kwa jina kamili, hata rangi ya taa za feni imetajwa. Mwisho wa orodha unakuta mstari mmoja: "pawa saplai yoyote." Hilo neno "yoyote" ndilo lililonifanya niandike majibu haya. RAM ikifa, hufa peke yake. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vipande vyote), kadi, na diski yenye picha za familia nzima, maana vyote vinanyonya kwake.

Pawa saplai inafanya kazi gani hasa?

Inapokea umeme wa ukutani, ambao Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, inaushusha na kuugeuza kuwa mkondo mnyofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kompyuta za miaka ya 1990 zilitegemea sana volti 5. Siku hizi prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo zenye njaa kubwa, zote zinakula kwenye volti 12. Shika hilo, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanarudi palepale.

Nitajuaje nahitaji wati ngapi?

Tuchukue mashine ninayoulizwa sana: Ryzen 5 5600 na GeForce RTX 3060. Prosesa hiyo imeandikwa wati 65, ila ikikazwa hupita hapo. Mimi huihesabia 90. Kadi ni wati 170. Mazabodi, RAM, SSD na feni zote pamoja nazipa 60. Jumla 320.

Usikimbilie kununua ya 350. Kadi za kisasa hazivuti umeme kwa utulivu. Kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho zinaweza kushtuka na kuvuta karibu mara mbili ya kawaida yake, kisha zikatulia. Mita ya kawaida haioni, lakini pawa saplai inaona, na ikiwa haina nafasi inajizima katikati ya kazi. Ndiyo maana ATX 3.0, kiwango cha watengenezaji wa pawa saplai kilichotoka mwaka 2022, kinazitaka pawa saplai zenye ile plagi mpya ya kadi kubwa zivumilie hadi mara mbili ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100.

Hesabu yangu ni rahisi: najumlisha, kisha naongeza nusu. 320 na 160 ni 480, kwa hiyo 550 nzuri inakaa vizuri. NVIDIA wenyewe wanataja 550 kwa kadi hiyo. Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki, ya kuandikia na kufanyia hesabu za duka, inatosheka na 300 hadi 400 za kweli. Upande wa pili kuna prosesa ya Core i9-14900K inayoruhusiwa kufika wati 253 na kadi ya RTX 4090 yenye wati 450. Hapo 1,000 si anasa. Ukiweka 1,000 kwenye mashine ya 320 huharibu kitu, ila fedha hiyo ingekununulia ubora badala ya namba.

Nimeona pawa saplai ya "600" kwa bei ya kutupa. Ni kweli ina wati 600?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo tutakaa nalo.

Siku moja nilikuwa Kariakoo na kijana aliyetaka kuunda mashine ya kuhariria video. Muuzaji akatoa boksi lenye maandishi makubwa, 600, na picha ya moto ubavuni. Nikaomba kulitoa kasha la ndani na kuligeuza upande wenye stika. Stika ya pawa saplai ina jedwali dogo: juu volti, chini ampea. Chini ya +12V paliandikwa 16A. Zidisha mwenyewe: 12 mara 16 ni wati 192. Zilizobaki zilikuwa zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo tu. Hata hivyo, ukijumlisha mistari yote hufiki 600. Nilipoangalia tena, sikuona herufi W popote baada ya ile namba. 600 ilikuwa sehemu ya jina la modeli.

Kijana alikuwa ameshatoa pochi. Kadi aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa inataka wati 185 peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, omba kuona stika. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 hutoa karibu zote kwenye volti 12, yaani ampea 40 na zaidi. Ukikuta mistari miwili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe ampea zake. Tafuta jumla ya wati za volti 12 iliyoandikwa chini yake.

Halafu ishike mkononi. Nzuri ina uzito, kwa sababu ndani kuna koili, transfoma na vipande vya alumini vya kupoozea. Mulika kwa tochi ya simu kupitia matundu ya nyuma. Kwenye za bei ya kutupa mara nyingi utaona, karibu na soketi ya umeme, sehemu za bodi zilizochorwa koili na kapasita za kuchuja umeme, lakini pametupu, pamewekwa kipande cha waya tu kuvusha umeme. Soma pia maandishi madogo kwenye nyaya: nyaya kuu nzuri huandikwa 18AWG au 16AWG, na kadiri namba inavyopanda, waya unakuwa mwembamba zaidi.

Kilichokosekana mle ndani zaidi ya yote ni ulinzi. Pawa saplai ya maana hujizima volti zikipanda mno, zikishuka mno, kukiwa na shoti, ukiizidishia mzigo, au joto likizidi. Ya kutupa huenda ina ulinzi wa shoti tu, na kuna ambazo huo nao haufanyi kazi.

Medali za 80 PLUS zina maana gani? Ninunue Gold?

80 PLUS ni cheti cha ufanisi kilichoanza mwaka 2004. Kinakwambia ni kiasi gani cha umeme uliolipia kinafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Kwenye kipimo cha volti 115, yenye Bronze ikibeba nusu ya mzigo wake hufikisha asilimia 85, Gold 90, Platinum 92, Titanium 94. Kwenye umeme wetu wa volti 230 ufanisi hupanda kidogo.

Tuipeleke kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kompyuta inayokula wati 250 kupitia pawa saplai ya asilimia 80 huvuta ukutani takriban 312. Kupitia ya asilimia 90 huvuta 278. Tofauti ni wati 34 hivi. Ukitumia saa nne kila siku, kwa mwezi umeokoa takriban uniti nne. Si fedha ya kukutoa jasho, ila kwa mwenye kibanda cha michezo chenye mashine kumi zinazowaka kutwa, hesabu inabadilika.

Medali haikwambii kama volti ni tulivu au ulinzi upo. Lakini kiwanda kilichohangaika kutengeneza Gold, kwa kawaida kimeweka na vipande bora. Kwa nyumbani, Bronze ya kampuni inayojulikana yenye waranti ya miaka mitano inanitosha, na ukipata Gold kwa nyongeza ndogo, chukua. Nembo yenyewe pia hughushiwa. Tovuti ya 80 PLUS ina orodha ya modeli zilizopimwa, na kutafuta jina la modeli yako humo ni kazi ya dakika mbili.

Na hapana, pawa saplai ya 750 haili umeme wa 750. Inavuta kile tu ambacho kompyuta inaomba, pamoja na kinachopotea njiani.

Nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ni ya nini?

Ni ya kuchagua volti za ukutani, na kwetu lazima isomeke 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio na kuona moshi kabla hujatoa mkono. Rangi ile huwavutia watoto wadogo, kwa hiyo ibandike gundi ya karatasi. Pawa saplai nyingi za kisasa hazina swichi hiyo, zinajirekebisha zenyewe.

Hapohapo kwenye stika soma mstari wa umeme unaoingia. Nyingine zimeandikwa 100-240V, nyingine 200-240V tu. Kwa anayeishi mwisho wa laini, ambako jioni taa zinafifia na feni ya dari inazunguka kwa uvivu, tofauti hiyo ni kubwa sana. Volti zikishuka hadi 170, ya kwanza inaendelea na kazi. Ya pili inazima na kuwaka, na kila kuzima kwa namna hiyo ni hatari kwa faili lililo wazi.

Nilinunua kompyuta ya ofisi ya mtumba, nataka kuiongezea kadi ya grafiki. Nibadilishe pawa saplai?

Hii ndiyo njia ya wengi wetu, na ni njia nzuri. Mashine za Dell, HP na Lenovo zilizotoka ofisi za Ulaya ni imara na pawa saplai zake ni za kuaminika, ila ni ndogo. Zile nyembamba nyingi zina wati 180 hadi 260, na hazina waya wa kadi ya grafiki.

Tundu la kadi kwenye mazabodi linaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Kwa hiyo kadi isiyo na plagi ya ziada, kama modeli nyingi za GTX 1650, inaweza kuishi humo bila kubadilisha kitu, mradi kimo chake kinaingia. Ukitaka kubwa zaidi ya hapo, chunguza kwanza mazabodi. Kichwa cha kawaida cha waya mkuu kina pini 24. Nyingi za mashine hizi zina kichwa chao tofauti, chenye pini chache, na pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta maalumu. Pima na kasha pia, kwa sababu pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo 86, wakati makasha haya membamba yana nafasi ya umbo lake tu. Mara nyingi ukishajumlisha adapta, pawa saplai na kasha jipya, bora ungenunua kompyuta ya mtumba yenye kasha kubwa la mnara tangu mwanzo.

Umeme wetu unakatika na kurudi. Nifanye nini?

Kwanza zoea moja: umeme ukikatika, zima kwenye soketi, subiri urudi na utulie. Dakika ile ya kurudi ndiyo mbaya, kwa sababu mafriji na pampu za mtaa mzima zinaamka pamoja na volti zinayumba. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachokaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kinaisaidia kompyuta vilevile.

Kwa UPS, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, usidanganywe na VA (volti mara ampea). UPS ya 650VA si wati 650. Geuza nyuma usome wati, nyingi ziko kwenye 360 hadi 390. Inatosha kompyuta ya wastani na skrini kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, siyo kumalizia mechi.

Pawa saplai nzuri ina akiba ndani ya kapasita zake inayoishikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme kupotea. UPS ya kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia betri. Kwa hiyo nzuri haitambui kitu. Ya kutupa, yenye kapasita ndogo, inazima kabla UPS haijashika, na mwenye nayo anailaumu UPS.

Kwa wenye sola: chagua inveta inayotoa wimbi laini kama la umeme wa gridi. Zile za wimbi la ngazi-ngazi hazipatani na pawa saplai nyingi za kisasa; utasikia zikivuma, au kompyuta itazima mara inapohamia betri.

Nikigusa kasha la kompyuta linaniwasha vidoleni. Ni hatari?

Pitisha mgongo wa kidole polepole kwenye ukingo wa chuma usiopakwa rangi. Ukihisi kama mtetemo, kama chuma kina mchanga mwembamba unaokimbia, huna ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini.

Ndani ya kila pawa saplai nzuri kuna kapasita mbili ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na kasha, kazi yake kumwaga vurugu za umeme ardhini. Kama waya wa ethi haufiki ardhini, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo mno kiasi kwamba kwa kawaida haumdhuru mtu, lakini unatosha kuunguza tundu la HDMI au USB pale unapochomeka televisheni ambayo kebo yake ya antena imeshika ardhi. Na siku pawa saplai itakapopata hitilafu kubwa, hakuna njia ya umeme kutoroka ila mwili wa anayeigusa.

Mara nyingi kosa liko kwenye ekstensheni au ile adapta ya kubadilisha plagi, yenye pini ya tatu isiyoungwa popote. Tumia waya wenye plagi ya pini tatu kubwa na fyuzi yake, uchomeke ukutani moja kwa moja. Ikiendelea kuwasha, mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba. Naomba sana usilipuuze hili.

Pawa saplai yangu ni ya aina ambayo nyaya zake huchomolewa. Naweza kutumia za pawa saplai nyingine?

Hapana. Upande wa mazabodi na diski vichwa vina kiwango kimoja duniani kote. Upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, kinabana, na volti 12 zinakwenda kwenye njia ya volti 5 ya diski. Nimepoteza diski mbili kwa namna hiyo katika sekunde moja, zikiwa na kazi ya miaka mitatu. Ukinunua pawa saplai ya mtumba isiyo na nyaya zake mwenyewe, iache.

Plagi ya prosesa na ya kadi zote zina pini nane. Ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, mpangilio wa umeme umegeuzwa. Ya prosesa hugawanyika nne na nne, ya kadi sita na mbili. Maumbo ya pini yanazuia kukosea, ila mkono wenye hasira unaweza kulazimisha. Kikikataa, simama usome maandishi kwenye kichwa.

Plagi ya kadi ya pini sita inaruhusiwa wati 75, ya pini nane wati 150. Adapta za kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuupeleka kwenye pini sita ziepuke: plagi ya SATA imetengenezwa kwa wati 54 tu kwenye volti 12, nawe unaitaka ibebe 75. Nimeona iliyoyeyuka ikashikana na mwenzake.

Kadi kubwa mpya zina plagi ndogo ya pini 16 inayobeba hadi wati 600. RTX 4090 zilipotoka Oktoba 2022, plagi hizo zilianza kuyeyuka kwa baadhi ya watu, hasa zisipoingizwa hadi mwisho. Toleo lililorekebishwa linaitwa 12V-2x6. Sukuma hadi isiachie upenyo, na usiukunje waya karibu na kichwa.

Feni ya pawa saplai iangalie juu au chini?

Kama kasha lina matundu na chujio chini, iangalie chini ivute hewa baridi, lakini si juu ya zulia. Kama sakafu yako ina vumbi jingi, igeuze juu.

Joto la Pwani linakula kapasita. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipungua nyuzi 10, maisha ya kapasita yanakaribia kuongezeka mara mbili. Ndiyo sababu natafuta zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85. Jingine la kwetu ni mijusi na sisimizi. Hupenda joto la pawa saplai usiku, na mjusi mmoja akilala kati ya pini mbili ni shoti. Ziba matundu yote ya kasha yasiyotumika kwa wavu mwembamba.

Kompyuta inazima yenyewe ghafla. Nitajuaje kama ni pawa saplai?

Angalia inazima lini. Ikizima papo hapo, bila skrini ya bluu, mara tu mchezo unapopamba moto, pawa saplai ni mshukiwa wa kwanza. Ikipunguza kasi kwanza, kisha ikazima, tazama joto la prosesa. Harufu ya kuungua, au mlio wa feni uliobadilika, inatosha kuchomoa waya bila kusubiri uthibitisho.

Ukiwa na mita, pima wakati kompyuta inafanya kazi nzito, siyo ikiwa imetulia. Waya wa njano unatakiwa uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Ukiona njano inateremka kuelekea 11.4 kila mzigo unapopanda, anza kutafuta nyingine leo, na hamisha faili zako kwanza.

Usilifungue kasha la pawa saplai kutafuta kilichoungua. Kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo muda baada ya kuchomoa waya. Fundi anayeijua kazi hiyo huiondolea umeme kwanza, kisha anapima kuhakikisha, ndipo anaweka mkono.